Nimeng'oa Mpunga, Leokadia

Leokadia,

Usianze kucheka mwandiko. Mwalimu wangu ni wewe, sina mwingine, kwa hiyo ukiona herufi zimelala kama mpunga uliolazwa na upepo, jilaumu mwenyewe. Unakumbuka ulivyonifundisha? Kijiti kimoja na uwanja wa mbele ya nyumba. Mimi nafagia, wewe unachora, mimi nafuatisha. L ya Leokadia. D ya Damasi. Na B ya Benigna, jina langu mwenyewe, ndiyo ikanitesa wiki nzima, kila nikiiandika inatoka na tumbo moja. Ukawa unaniambia, "Mama, hii imeshinda njaa, iongezee tumbo la pili."

Halafu ukaleta ule ukoka kutoka nyumba ya wageni uliyokuwa unafanyia kazi, umeufunga kwenye kitambaa cha kufutia sakafu, ukaupanda uwanja mzima. Nikakufokea. Nikakuambia umenifunikia ubao wangu. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Sasa nunua daftari, Mama."

Basi nimenunua. Ndilo hili.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno siwezi kulisema kaburini. Kule kila nikienda namkuta mtu anapalilia kwa wake, ananisalimia, ananiuliza habari za mavuno. Na mimi neno lenyewe likifika kooni linarudi.

Nianze na habari. Majani yako yalikufa. Yalianza kufa wiki ile ile tuliyokuzika, na mimi niliyaangalia yakifa, sikumwagia hata kopo la maji. Miaka mitatu, Leokadia. Ikaota ndago, ikaota mbigili, yakaota na mengine ambayo mimi niliyezaliwa shambani siyajui jina. Yakafika magotini. Watu wakawa wanapita wanageuza uso kwa adabu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, afadhali wangesema.

Krismasi iliyopita kaka yako Damasi alikuja kutoka Mlimba na wanawe. Asubuhi wale watoto wanatoka kwenda kuchezea mpira, Damasi akaona kitu kinajivuta kwenye magugu karibu na ngazi. Nyoka, mrefu kama mpini wa jembe, hatua mbili kutoka mguu wa mtoto. Alimpiga kwa fimbo ya pazia. Baada ya hapo alikaa barazani, na unamjua kaka yako, akiogopa anakuwa mkali. Akasema, "Mama, imetosha. Naweka pevingi. Uwanja wote, kuanzia getini mpaka mlangoni. Utafagia, utamwaga maji, basi."

Nikamwambia haweki kitu.

Akasema ameshaweka neno na fundi. Na kweli, kabla ya mwaka mpya gari lilikuja likashusha vitofali vyenyewe pale getini, vya kijivu, vimepangwa vizuri kama mikate. Nikawa nikitoka nje naviona, nikirudi ndani naviona.

Nikampigia simu. Nikamwambia uwanja ule ni wa Leokadia, naulima upya, napanda majani mapya, na yeye avichukue vitofali vyake akajengee kaburi langu. Halafu akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha: "Sawa. Jumamosi Kuu nitasimama barazani. Nikiona udongo, hata kiasi cha sinia, Jumanne ya Pasaka mafundi wanaingia. Na hutanilaumu."

Nikamwambia sitamlaumu. Nilijibu haraka, Leokadia. Hata sikufikiri.

Nilikwenda kwa yule bwana wa miche, njia ya Kibaoni. Nilitaka ukoka kama wako, ule mwembamba. Akaja hadi nyumbani kuangalia, akatazama juu badala ya kutazama chini. Akasema, "Bibi, ule wa zamani unataka jua kutwa. Huu mwarobaini wako umeshakuwa mkubwa, umeleta kivuli. Panda ukoka wa Pemba." Akanionyesha. Jani lake ni pana, ncha yake butu, na shina linatambaa juu ya ardhi na kila kifundo kinatoa mizizi. Wenyewe hawapandi mbegu, wanapanda vipande vya shina. Nikauliza unakunywa maji kiasi gani, unapenda samadi ipi, nani aliye adui yake. Akasema hajawahi kuona bibi anayehoji majani namna hii. Nikamwambia mimi nimehoji mpunga tangu sijaota meno, majani ni nini.

Samadi nimeipata kwa Mzee Shija. Yule Msukuma aliyehamia nyuma yetu mwaka uliougua, uliyekuwa unanunua maziwa kwake. Alileta mkokoteni umejaa, akasimama anaangalia ninavyochimba, akaanza kucheka, akaniita mama kwa lugha yao. "Mayu, mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe. Sijaona mtu anayelima majani halafu hana hata ndama. Sasa haya atayala nani?"

Nikamwambia, "Hayaliwi. Ni ya marehemu binti yangu."

Kicheko kikamkatika pale pale. Alivua kandambili, akapanda mkokotenini, akaishusha samadi yote yeye mwenyewe, na mimi akanikataza kushika koleo.

Kuchimba nilichimba mwenyewe. Ndago, mama, ndago! Unang'oa jani unadhani umemaliza, kumbe chini kuna vitunguu vyake kama shanga, ukiacha kimoja umeviacha vyote. Nikatwaa chekeche la mchanga, nikawa nachekecha udongo wa uwanja mzima. Majirani wakasema Bibi Benigna anatafuta dhahabu. Magoti yakavimba. Nikayafunga kanga, nikaendelea.

Mahali patatu sikupachimba. Unapajua? Hapana, utapajuaje, ulikuwa ndani umelala na kitambaa usoni. Ni pale yalipokaa mafiga siku za msiba wako. Mafiga ya wali, mafiga ya nyama, mafiga ya chai. Siku nne moto haukuzimwa. Ukoka wako ukaungua duara tatu, udongo ukawa mwekundu na mgumu kama tofali la kuchoma, na hata ndago lenyewe halikuota pale. Nilifika na jembe, nikaliinua. Likabaki juu. Nikazunguka, nikachimba pembeni, nikaenda zangu.

Na kila duara, Leokadia, ni kubwa kuliko sinia.

Basi nikapanda. Mwisho wa Januari, mvua zimeshatulia kidogo ardhi ikiwa bado tepetepe. Kipande, kifundo chini, nafunika, nakanyaga. Yule bwana wa miche aliniambia nifunike juu na nyasi kavu kidogo, udongo usikauke. Mimi nikajiona ninajua zaidi. Nikasema nyasi za nini wakati pale shambani, pale tunapopigia mpunga, kuna lundo la mapepe limekaa tangu mavuno? Makapi matupu, laini, yanashika maji. Nikabeba viroba sita kwa bodaboda. Nikayamwaga uwanja mzima, nikayasawazisha kwa mikono kama ninatandika kitanda.

Siku ya nane uwanja ukawa kijani.

Jamani! Kijani mpaka macho yanauma. Watu wakasimama njiani. Mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele. Mzee Shija akaja akatikisa kichwa, "Mayu, una mkono." Nikampigia simu kaka yako, nikamwambia avitafutie mteja vitofali vyake. Nilikuwa na maringo, sikufichi.

Siku ya kumi na mbili niliinama kuokota kopo la maji, nikashika jani moja bila kukusudia. Vidole viliniambia kabla ya macho. Jani lilikwaruza. Nikalifuata mpaka shingoni, pale linapokumbatia shina, nikakiona kile kisikio chake kidogo chenye vinyweleo.

Ulikuwa mpunga.

Wote ule. Uwanja mzima ni mpunga! Kwenye yale mapepe niliyosema ni matupu kulikuwa na punje nzima, nyingi, na mimi nimezimwagia maji asubuhi na jioni na kuzilisha samadi ya Shija. Nikaupasua kwa mikono nikaangalia chini. Vipande vyangu vya Pemba vilikuwepo, vimekunjamana, vya njano, havioni jua. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Miaka yote hii ninang'oa majani kuokoa mpunga, na leo mpunga ndio gugu.

Kitu cha kufanya kilikuwa wazi, hata mtoto angekifanya. Nikachuchumaa, nikashika shina la kwanza. Mkono ukakataa. Sikutanii. Nilivuta na vidole havikukaza. Nikabadilisha mkono, na wa kushoto ukakataa. Nikakaa chini kwenye tope, na hapo ndipo uliponijia.

Ulikuwa na miaka sita. Tumevuka Kivukoni kwa mtumbwi, daraja halijakuwepo, tuna shamba letu upande wa pili. Nikakuweka kwenye mstari wako, nikakuambia hili ni gugu, huu ni mpunga, ng'oa hili acha huu. Ukafanya kazi kimya, nikafurahi. Mchana ukaja unakimbia, umekumbatia mzigo mpaka kidevuni, "Mama, nimemaliza yote!" Nikaangalia mzigo. Umeng'oa mpunga, mstari mzima, umeacha magugu yamesimama safi.

Nilikupiga. Hiyo ya kupiga kila mzazi wa wakati ule ana yake. Lakini jioni tuliporudi nikapika wali, nikapakua, nikakuambia, "Leo hakuna wali kwako. Aliyeng'oa mpunga akale alichokiacha shambani." Na hukulia. Ungelia ningekupa. Ulikaa mlangoni, magoti umeyakumbatia, unaangalia sinia. Na mimi nikala. Nilikula mbele yako, tonge baada ya tonge, mpaka sinia likaisha, ili ujifunze.

Ulijifunza. Hukung'oa mpunga tena. Na mimi sijakusikia ukilitaja jambo lile mpaka unakufa.

Nimekaa pale kwenye tope na umri huu, nikasema kwa sauti, "Haya Leokadia, sasa angalia mama yako." Nikaukaza mkono nikang'oa. Wa kwanza ulitoka na udongo wake, mizizi myeupe, mzima, mzuri wa kupandikizwa. Niliumia kama nimeng'oa jino. Siku tatu niling'oa. Mvua ikaninyeshea, sikuingia ndani. Mafungu nikampa Mzee Shija, ndama wake wakala, akaniuliza kwa upole kama bado nina akili. Nikamwambia akili ninayo, mapepe ndiyo sitaki kuyaona.

Zikabaki wiki tisa kufika Pasaka, halafu nane, halafu saba, na Pemba wangu amelala tu wa njano. Nilikuwa naamka ninakwenda kuupima kwa vidole. Kidole kimoja, leo kidole kimoja, kesho kidole kimoja. Kaka yako anapiga simu, hasalimii vizuri hata, "Shikamoo Mama, vipi sinia?" Namwambia marahaba, sinia lipo jikoni limejaa, njoo ule. Nikikata simu natoka tena kuupima.

Halafu Machi, mvua kubwa zilipofunguka, ukaamka. Kila kifundo kikashika. Nikawa naona shina limeruka shubiri tangu jana. Ukafika getini, ukazunguka vile vitofali kama unavikagua, ukaingia chini ya mwarobaini ambako wako haukuwahi kuota. Wiki ya Matawi uwanja ulikuwa umefunga. Laini, mzito, ukikanyaga mguu unaingia.

Isipokuwa zile duara tatu. Pemba ulifika ukingoni, ukaingiza kikonyo kimoja, ukakuta ugumu ule, ukarudi pembeni.

Nilikuwa na siku sita za kuzichimba. Jumatatu nilichukua jembe. Jumanne nilichukua jembe. Jumatano niliweka jembe begani, nikasimama juu ya duara la katikati, la mafiga ya wali, mpaka jua likanichoma kichwa. Nikarudi ndani.

Sasa nalisema lile neno.

Siku uliyokufa, kina mama walikuja na masufuria, wakaniuliza, "Mama Leokadia, tupikie wapi?" Nyuma ya nyumba kulikuwa na nafasi, unaijua, pale kwenye kamba ya nguo. Yustina, shoga yako, akasema twende nyuma, tusiharibu majani ya marehemu. Na mimi nikasema hapana. Nikasema, "Wekeni hapo hapo mbele. Majani yana kazi gani?" Nililisema kwa nguvu, kila mtu akasikia. Kwa sababu nilitoka chumbani ulimolala, nimetoka kukufunga kidevu kwa mikono yangu, nikaona uwanja umekaa kijani, unang'aa, una umande, kama hakuna kilichotokea. Majani uliyolala juu yake na mkeka kila jioni ulipougua. Uliyekuwa unaniambia, "Mama, huku chini kunanipoza." Yapo. Wewe hupo. Nikayachukia. Nikataka yaungue.

Yakaungua, Leokadia. Mimi ndiye niliyeyachoma. Magugu yale sikuyaacha kwa uvivu wala kwa uzee, watu wamenihurumia bure. Niliona aibu kuyagusa.

Jumamosi Kuu Damasi alishuka kwenye treni na wanawe, wakaja na bajaji. Watoto walivua viatu getini bila kuambiwa, wakajitupa kwenye majani, wakabingirika. Yeye akapita pembeni, akapanda barazani, akageuka. Nikasimama mlangoni. Nikamwona anahesabu kwa midomo. Moja. Mbili. Tatu.

"Mama," akasema. "Ule ni udongo."

"Naona," nikamwambia. "Ni mkubwa kuliko sinia. Neno lako ni neno lako. Waite mafundi."

Alishuka ngazi, akaenda mpaka duara la katikati, akachuchumaa, akaugusa udongo mwekundu. Nikaona amejua ni nini. Nikamfuata, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapo juu, kwamba ni mimi niliyesema yawekwe pale. Sikupamba.

Akanijibu bila kuinua uso. "Na aliyeyabeba ni nani? Mafiga tisa, Mama. Niliyatoa nyuma ya nyumba moja moja. Nilikuwa naona natupa mawe juu ya Leokadia. Ningesema hapana, wewe ungenisikiliza. Sikusema." Halafu akasema, "Unadhani pevingi ni kwa sababu ya nyoka?"

Mtu mzima yule, ana mvi kwenye ndevu. Nilimshika kichwa nikakiweka tumboni kwangu kama zamani. Watoto wakaacha kubingirika, wakatuangalia.

Jembe alilishika yeye. Pigo la kwanza liligonga kama linagonga sakafu, nikafumba macho. La pili pakapasuka. Chini kulikuwa na mkaa, jivu, na kijiko cha bati kilichopotea siku ile, Yustina alikitafuta sana. Tukachimba duara zote tatu, tukatia samadi, tukakata vipande kutoka kwa huo huo Pemba, nikamwonyesha: kifundo chini, funika, kanyaga. Alikanyaga na viatu vyake vya safari, nikamwambia avue.

Vitofali havikurudi. Nimemruhusu njia moja, kutoka getini mpaka jikoni, ili nyoka aonekane na mimi nisiteleze. Moja tu. Alitaka na ya chooni, nikamwambia asinizoee.

Kuna jambo moja la mwisho. Katikati ya duara la mafiga ya wali, kwenye ufa, lilikuwa limeota shina moja la mpunga. Sikuliona wakati ule nang'oa ng'oa kila kitu, au niliona nikajifanya sikuona. Damasi alikuwa anataka kulipiga jembe. Nikamzuia. Tumechimba tukalizunguka. Limeshafika kiunoni, lina machipukizi mengi, na juzi masuke yametoka, yameanza kuinama.

Hilo ni lako. Likikauka nitalikata kwa kisu, nitalitwanga kidogo kidogo kwenye kinu kidogo cha vitunguu, nitalipepeta mimi mwenyewe, na safari hii nitaangalia vizuri mapepe yanaangukia wapi. Utatoka wali wa kiganja kimoja, si zaidi. Nitaupika na nazi. Nitatandika mkeka wako pale unapopapenda, jioni, kukiwa kumepoa. Nitaupakua kwenye sinia lile lile. Na safari hii sitakula mbele yako, Leokadia. Nitawaita watoto wa kaka yako, wale wawili, nitawalisha tonge lako kwa mkono wangu mpaka liishe, na nitawaambia ni la nani, na kwa nini limechelewa.

Na siku yangu ikifika nimeshamwagiza Damasi, mbele ya Yustina na Mzee Shija: wapikie nyuma, kwenye kamba ya nguo. Mbele watu wakae kwenye majani, wavue viatu.

Pumzika, mama yangu. Kunapoza, ulisema. Nami nitahakikisha kunapoza.

Ni mimi mama yako, Benigna. Angalia hiyo B. Ina matumbo yote mawili.